Kwa Mama Mkwe na Bawa la Mita Tatu

Niliunda bawa la ndege sebuleni kwangu Rusimbi, hapa Kigoma. Nikaliunga kwa gundi ncha hadi ncha, nikalivisha kitambaa, nikalipaka vanishi, nikalisifu peke yangu siku kadhaa, kisha nikagundua kwamba haliwezi kutoka nyumbani. Mlango wa sebule unafungukia ujia mwembamba wenye kona, na kona ile haijawahi kupitisha kitu cha mita tatu. Ramani ilikuwa imesema wazi, tena kwa mchoro, kwamba bawa litengenezwe vipande viwili, viunganishwe huko huko mlimani. Mimi, fundi cherehani wa Mwanga niliyemaliza kidato cha nne kwa kusukumwa, nilikitazama kile kiungo cha katikati nikaona ni udhaifu. Nikamsahihisha mchoraji.

Msiniogope, si ndege ya kupanda watu. Ni ndege ya mfano, haina injini, ya mtindo wa zamani za mababu: mbavu za mti, ngozi ya kitambaa, na rimoti ya kugeuza usukani na kuinua au kushusha mkia. Unasimama kwenye mteremko unaopigwa na upepo, unairusha mbele. Upepo ukigonga mlima hauna pa kwenda ila juu, na ndege inapanda nao. Huko zilikoanzia hutumia mti mmoja mwepesi kama pamba, ambao kwetu haupo. Mimi mbavu nilichonga kwa moyo wa makuti makavu ya mchikichi, uti wa mgongo ukawa mwanzi, kiwiliwili kikatoka kwenye mbao za masanduku ya nyanya, na ngozi nikaishona kwa bitana ya suti. Kama kuna bwana harusi wa Mwanga anayeona koti lake linamwasha mgongoni, asitafute mchawi.

Tatizo ni kwamba ndege ya namna hii inataka mlima na upepo wa ziwani, na mimi ni mtu wa nyumbani. Nyumbani kweli kweli. Nimezaliwa mwendo mfupi kutoka Ziwa Tanganyika na naliogopa kama deni. Mke wangu Leokadia husema nikifika Ujiji naanza kuulizia habari za nyumbani. Ndege ingebaki sebuleni hadi kiama kama si macho ya mama mkwe.

Mama mkwe anakaa Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kaskazini ya Gombe, ambako huendi ila kwa boti. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia ukungu, mtoto wa jicho. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitali ya mjini kwa muda mfupi, wanapasua, wakimaliza wanaondoka. Shemeji yangu Gaspari, mdogo wake Leokadia, ambaye ni mvuvi huko huko, alikuwa amembembeleza mama yake mara mbili akafukuzwa zote mbili.

"Nenda wewe," Leokadia aliniambia. "Mkwe hakataliwi usoni."

Nilifikiri juu ya ziwa, nikaanza kutafuta udhuru. Kisha nikakumbuka kwamba nyuma ya nyumba ya mama mkwe kuna mteremko mtupu wenye nyasi, unaotazama ziwa. Nikasema nitakwenda. Leokadia akanisifu kwa upendo wangu kwa mama yake, nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Asubuhi ya kuondoka ilianza kwa kumwita mtu wa kuchomelea vyuma akate nondo za dirisha la sebule. Jirani yetu Mama Salima, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Kongo na ambaye hajawahi kulimeza neno lililofika mdomoni, alisimama na beseni lake la mawese akitazama bawa likichomoza polepole dirishani.

"Wezi huwa wanaingilia huku," alisema. "Wewe baba ndiye wa kwanza kujiibia vyako kupeleka nje."

Ili bawa lisichubuke nililiviringisha pamoja na kiwiliwili ndani ya mkeka, juu ya mkeka nikafunga shuka nyeupe, nikakaza kwa vipande vya bitana sehemu tatu: juu, kati, chini. Kazi safi ya fundi. Sikuona kitu kingine chochote pale isipokuwa usafi wa kazi yangu.

Kibirizi, mahali boti za kaskazini zinapopakilia, wabeba mizigo waliacha kupiga kelele nilipofika. Wanne walinipokea mzigo bila kubishana, jambo ambalo halijapata kutokea Kibirizi. Wakaubeba mabegani kwa hatua za pole, wakaulaza katikati ya boti. Akina mama wakasogeza vikapu vyao. Nahodha akazima redio. Mimi nilikuwa tayari nimeziba mdomo kwa leso, maana boti ilikuwa inayumba ingawa bado imefungwa, na machozi yalikuwa yananitoka kwa kichefuchefu.

"Pole sana, baba," alisema mzee mmoja, akavua kofia.

Nilidhani ananipa pole ya kichefuchefu. Nikaitikia kwa kichwa.

Tulipoacha gati na mawimbi ya mchana kuanza, nilijikunja juu ya mzigo wangu nikaukumbatia, kwa sababu ndicho kitu pekee kilichokuwa hakitikisiki. Nyuma yangu nikasikia kijana akinong'ona, "Marehemu alikuwa mrefu!"

"Nyamaza," mwanamke akamkemea. "Huoni mwenzio alivyovunjika?"

Hapo ndipo nikaelewa. Nilipaswa kusimama na kusema, jamani, hii ni ndege. Lakini boti nzima ilikuwa kimya kwa heshima, na wanawake wawili walikuwa wameanza wimbo wa maombolezo kwa sauti ya chini, tena walikuwa wanauimba vizuri. Fikirini wenyewe, mtu mzima, mvi zimeshaanza, unasimama kuwaambia wale watu kwamba wanaimbia kitambaa cha suti. Nikasema moyoni, nitawaeleza tukifika. Nikarudisha leso mdomoni. Nyani wa Gombe waliokuwa wamekaa ufukweni walituangalia tukipita, na nadhani wao peke yao hawakudanganyika.

Tulifika Mwamgongo jua likiwa limeinama upande wa Kongo. Kumbe simu ilikuwa imetangulia. Mtu mmoja kule botini alinitambua, akapiga kijijini kwamba mkwe wa kwa Gaspari anakuja na maiti. Hakusema ya nani, kwa kuwa hakujua. Ufukweni wanawake walikuwa wamejifunga kanga viunoni, na katikati yao, amekaa mchangani, ameshikwa mikono na wawili, alikuwa mama mkwe. Alikuwa anaita jina moja tu. Leokadia. Leokadia wangu.

Niliruka majini na viatu. "Mama! Leokadia mzima! Watoto wazima! Wote wazima!"

Akanyamaza. Akageuza uso kuelekea sauti yangu, kwa maana mimi mwenyewe alikuwa hanioni. "Nani basi?"

"Hakuna mtu, mama."

"Hakuna mtu, na mkeka?"

Gaspari alikuwa ameshapanda botini na kisu chake cha nyavu. Akakata bitana ya juu, ya kati, ya chini. Bawa likatoka, jeupe, linang'aa vanishi, na watu wote wa Mwamgongo waliokuwa na nafasi ya kusogea wakasogea.

"Tiara," akasema mvuvi mmoja.

Mama mkwe aliinuka, akakung'uta mchanga. Hakunitukana. Ingekuwa nafuu. Alimshika Gaspari mkono ili amwongoze, na nikamsikia akimuuliza njiani, "Mkwe siku hizi anakunywa?"

Jioni ile nililetewa ugali wa muhogo na migebuka, nikala peke yangu barazani kama mkwe anavyostahili, ingawa nilihisi kila tonge linahesabiwa. Baada ya kula nikapiga magoti ya heshima karibu na mlango wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Mwidiwe," akanisalimu kwa Kiha.

Nikamweleza habari ya madaktari: boti ya keshokutwa alfajiri ndiyo ya mwisho itakayomfikisha kabla hawajaondoka, na tendo lenyewe ni dogo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sikukatai," alisema. "Nani amkatae mkwe? Ila leo nimeshafiwa mara moja, nimechoka. Tena nitaenda kuona nini kule? Ziwa nalijua. Wanangu nawajua kwa sauti. Nimeishi, yatosha. Lala salama."

Nikaenda kulala. Mkwe hakataliwi, lakini kumbe anaweza kuchoshwa.

Asubuhi ya pili nilijaribu tena kwa upole, Gaspari akajaribu kwa ukali, jirani yake akajaribu kwa sala. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage kwa vidole, haraka kuliko mimi mwenye macho, na kila mmoja wetu alimjibu kwa kutupa jiwe dogo pembeni. Nikampigia Leokadia.

"Usirudi bila mama," alisema. Kisha akauliza: "Wanasema boti nzima ilikuwa inaimba?"

"Kidogo."

"Ukirudi bila mama, bawa lako litalala nje na wewe ukiwa chini yake."

Mchana, upepo wa ziwani ulipoanza kuvuta kuelekea mlimani, Gaspari alinitazama nilivyokaa nimejiinamia. "Shemeji," akasema, "kama aibu umeshaipata yote, turushe basi hiyo tiara. Hakuna kilichobaki cha kuharibu."

Alikosea, lakini ilikuwa hoja nzuri.

Tulipanda mteremko nyuma ya nyumba, Gaspari mbele amebeba bawa kama kasia, mimi nyuma nimebeba kiwiliwili, rimoti, na pumzi yangu. Mashamba ya muhogo yakaisha, tukaingia nyasi. Chini yetu niliona uwanja wa mama mkwe, nyumba ya bati, kibanda cha jiko kilichoezekwa nyasi kikitoa moshi, na baada yake ufukwe uliotandazwa dagaa, unametameta. Upepo ulinigonga usoni kwa nguvu, bila kukoma. Nikafunga bawa kwa mipira ya tairi, nikaongeza risasi ya nyavu puani ili ndege isielemee nyuma, nikageuza usukani kwa rimoti kulia, kushoto, mkia juu, chini. Vyote vilitii. 

"Nikikwambia tupa, usiitupe juu. Isukume mbele, kama unampeleka mtoto kwa bibi yake," nilimwambia Gaspari.

"Tupa?"

"Tupa!"

Akaisukuma. Ilizama kidogo, moyo wangu ukazama nayo, halafu upepo ukaipokea. Sijui niwaelezeje. Ilikuwa kama mtu ameinyanyua kwa kiganja kutoka chini. Ilipanda bila kelele, hakuna injini, hakuna mngurumo, ni mlio mwembamba tu wa upepo kwenye bitana. Jua lilipenya kitambaa na mbavu zote nilizozichonga zikaonekana, moja moja, hata ile niliyoikata vibaya nikaificha. Ilisimama mbele yetu juu ya ziwa, imetulia, kana kwamba imekaa. Nilikuwa nimeiunda mimi, mtu asiyevuka barabara bila sababu, nayo ilikuwa imeshafika mahali ambapo mimi sitafika.

Gaspari, ambaye ana neno kwa kila kitu, aliifuata kwa kidole tu.

Niliigeuza kulia, ikaenda kulia. Kushoto, ikaenda kushoto. Nikaanza kujiona. Huko chini watu walikuwa wametoka majumbani, wanawake wa dagaa wamesimama mikono usoni, wanaelekeza vidole. Basi nikaamua kuirudisha kwetu, ipite karibu, Mwamgongo waone kazi ya fundi.

Mwenye kurusha ndege hizi kwa muda anajua jambo ambalo mimi nilikuwa nimelisoma tu. Ndege ikikupa mgongo, kulia kwake ndiko kulia kwako. Ikikugeukia uso, mambo yanapinduka. Ilinigeukia. Nikaona inaelekea kushoto kwangu, nikasukuma usukani kulia ili niirekebishe, ikazidi kwenda kushoto. Nikasukuma zaidi. Ikazidi. Ikatupita vichwani, ikakata kona kubwa nyuma yetu, ikateremka na mlima kuelekea nyumbani kwa mama mkwe.

Nilikimbia. Mkwe hakimbii mbele ya mama mkwe, hilo hata mtoto wa Muha analijua, lakini miguu haikuniuliza. Nilikimbia na rimoti mikononi, nikibonyeza kila kinachobonyezeka. Kwenye muhogo wa kwanza nikaanguka. Nikainuka. Kiatu kikabaki. Kwenye muhogo wa pili nikaanguka tena, safari hii kwa tumbo, nikateleza kama samaki, na nilipoinua kichwa nikaiona ndege yangu ikitua. Ilitua vizuri, siwezi kukana. Ilitua juu ya jiko la mama mkwe, pua ikapenya nyasi, bawa likagonga mti wa paa likakatika vipande viwili, pale pale mchoraji alipotaka liungwe.

"Nani huyo?" ilisikika sauti ya mama mkwe kutoka ndani.

Nilifika ukingoni mwa uwanja nikasimama. Hapo ndipo nilipokwama. Ndege yangu ilikuwa juu ya paa, na mkwe kupanda paa la mama mkwe naye yumo ndani ni jambo ambalo hata jina halina. Nikasimama na kiatu kimoja, matope kifuani, jani la muhogo sikioni, nimeshika rimoti kwa mikono miwili kama mtu anayeomba mvua. Kijiji kilicheka. Wanawake wa dagaa walikuja juu wakicheka, wakashikana wasianguke. Wale waliotuimbia botini walicheka zaidi, nadhani walikuwa wanadai malipo ya wimbo wao. Gaspari alikuwa amekaa chini katikati ya muhogo, hawezi kutembea kwa kucheka.

Mama mkwe alitoka jikoni, majivu kichwani, akishika ukuta.

"Kuna nini?"

"Tiara ya mkwe, mama, imekaa juu ya jiko!"

"Kama furukombe!"

"Furukombe gani, kama mtumbwi wenye mabawa!"

Akainua uso juu. Macho yake meupe yalitafuta paa, yakatafuta pembeni, hayakupata kitu. "Mkwe yuko wapi?"

"Yuko pale, mama, amesimama na kiatu kimoja!"

"Ameanguka?"

"Mara mbili!" alisema jirani yake, akifuta machozi. "Ya pili ameteleza kwa tumbo, mama, ungeona! Ungeona!"

Kicheko kikapanda tena. Yeye hakucheka. Alisimama katikati ya watu wote wale, uso umeinuka, anageuka huku na huku kufuata vicheko. Taratibu watu wakanyamaza, mmoja mmoja, kwa aibu.

"Mkwe wangu ameanguka mara mbili," alisema, "kijiji kizima kimeona, hata mbuzi wameona. Mimi mwenye mkwe ndiyo nasimuliwa?"

Akageuza uso kuelekea muhogoni alikosikika mwanawe.

"Gaspari, boti ya alfajiri inapita saa ngapi?"

Alfajiri iliyofuata tulipanda boti. Mama mkwe alikaa mbele na kikapu cha maharage, mimi nilikaa katikati na kiwiliwili na mabawa yangu mawili mafupi aliyoyashusha Gaspari paani, ambayo safari hii sikuyafunga kwa chochote, kila mtu ayaone. Ziwa lilikuwa limelala. Nilitapika mara moja tu, kwa heshima, upande wa pili. Mama mkwe aliwaambia abiria wote habari ya muhogo wa kwanza na muhogo wa pili, na kwa kuwa alikuwa amesimuliwa tu, aliniongezea muhogo wa tatu.

Hospitalini foleni ilikuwa ndefu lakini tulipata nafasi. Walianza na jicho la kulia. Kesho yake muuguzi alipomfungua bandeji, mama mkwe alimtazama Leokadia, akamshika mashavu, wakalia wote wawili nami nikatazama dirishani. Kisha akanitazama mimi. Alinitazama toka kichwani hadi viatuni.

"Huyu ndiye mkwe?"

"Ndiye, mama," alisema Leokadia.

"Nilikuwa namsikia mrefu."

Sasa yuko kwetu Rusimbi anangoja madaktari warudi kwa jicho la pili. Nimejifunza mambo kadhaa katika safari hii. Kwamba mchoraji wa ramani huwa ana sababu zake. Kwamba ziwa linavukika. Kwamba kuna siku unabeba hoja nzuri zote na heshima zote, na kinachomsogeza mtu ni wewe kuanguka kwenye muhogo. Leokadia anasema nimejifunza pia kutoka nje, lakini hilo tusubiri kwanza.

Jumapili mama mkwe alitaka aione ndege yenyewe. Nikaileta uani, nikaiweka juu ya kigoda mbele yake: pua imepondeka, imefungwa kwa plasta, bawa lina kiraka cha bitana ya rangi nyingine, na nyasi za jiko lake bado zimenasa kwenye mkia. Alivaa miwani yake nyeusi ya hospitali, akaivua, akainama, akaigusa mbavu kwa kidole, mbavu hadi mbavu. Mama Salima alikuwa amekuja kumjulia hali mgonjwa. Akaitazama ndege, akamtazama mama mkwe, akanitazama mimi.

"Yaani mama wa watu kavuka ziwa, kapasuliwa jicho," alisema, "aje aone hiki?"